Nani Anamlipa Mwenye Diski?

Madai matatu kuhusu hifadhi ya data inayoendeshwa kwa blokucheni hutembea yakiwa yamefungwa kitita kimoja. La kwanza ni kwamba faili likishawekwa "kwenye mnyororo" halifutiki tena. La pili ni kwamba hifadhi hii ni nafuu kuliko ile ya Amazon au Google. La tatu, ambalo ndilo huwavuta wengi, ni kwamba yeyote mwenye diski iliyokaa bure nyumbani anaweza kuikodisha kwa dunia nzima na kulipwa tokeni ambazo bei yake inapanda. Muuzaji wa mashine huyasema yote matatu kwa mkupuo. Mpinzani naye huyakanusha yote kwa mkupuo na kuuita mradi mzima utapeli. Msomaji hafaidiki na yeyote kati yao, kwa sababu kila dai lina mtandao unaolisogelea na mwingine unaoliumbua.

Mitandao hii inatofautiana sana, na njia fupi ya kuitenganisha ni kuifuata fedha: malipo yanayomfikia mwenye diski yanatoka mfukoni mwa nani? Kwa mwenye faili, au kwa mnunuzi wa tokeni anayetarajia bei ipande?

Faili lenyewe haliko kwenye mnyororo

Tuanze na kosa lililozagaa zaidi. Blokucheni ni leja ambayo nakala yake kamili inatunzwa na maelfu ya kompyuta, kwa hiyo kuandika humo ni ghali, na ughali huo ni wa makusudi. Mtandao wa Ethereum hutoza walau uniti 20,000 za gesi, kipimo cha ada yake, kwa kila baiti 32 mpya zinazohifadhiwa. Kwa bei ya gwei 20 kwa uniti (gwei ni sehemu moja ya bilioni ya ETH, sarafu ya Ethereum), gigabaiti moja ingegharimu takriban ETH 12,500, yaani makumi ya mamilioni ya dola kwa bei za miaka ya karibuni. Hakuna anayeweka video yake ya harusi humo.

Kinachoandikwa kwenye mnyororo ni kumbukumbu fupi: nani amekubaliana na nani, kwa muda gani, kwa malipo gani, na heshi ya faili, yaani alama inayokokotolewa kutokana na maudhui yenyewe. Faili linakaa nje, kwenye diski za kawaida, katika majengo ya kawaida yanayolipia umeme kama majengo mengine yote.

Baadhi ya mitandao hii inategemea IPFS, itifaki iliyotolewa mwaka 2015 na Protocol Labs, kampuni iliyoanzishwa na Juan Benet mwaka 2014. Anwani ya kawaida ya intaneti hutaja mahali: nenda kwenye seva fulani uchukue kitu fulani. Anwani ya IPFS hutaja kitu chenyewe kwa heshi yake, halafu yeyote aliye nacho anaweza kukutumia. Herufi moja ikibadilika ndani ya faili, heshi inabadilika, na udanganyifu unaonekana papo hapo. Ni ubunifu mzuri sana. Lakini IPFS haimlazimishi mtu kutunza chochote. Faili lisipokuwa na anayelishikilia, anwani yake inabaki sahihi kabisa na haikupeleki popote.

Wanunuzi wa NFT, tokeni zinazowakilisha umiliki wa vitu kama picha, walilijua hilo kwa machungu. Soko la FTX lilipofilisika Novemba 2022, picha za NFT zilizokuwa zimeuzwa kupitia tovuti yake ziliacha kuonekana kwa sababu zilikuwa kwenye seva za FTX. Tokeni zilibaki kwenye mnyororo, salama, zikielekeza kwenye ukurasa usio na picha.

Kuna jambo jingine ambalo watangazaji hawalitaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu muundo wa IPFS uligundua kwamba karibu asilimia 80 ya seva zinazoendesha orodha ya anwani za mtandao huo zilikuwa zimekodishwa kutoka kwa makampuni ya wingu. Mtandao uliobuniwa kuwakimbia wakubwa ulikuwa umepanga chumba kwao.

Sababu ya kuwakimbia wakubwa

Amazon ilizindua huduma yake ya kuhifadhi mafaili, S3, Machi 2006. Leo bei yake ya kawaida nchini Marekani ni takriban dola 23 kwa terabaiti kwa mwezi. Bei hiyo haiwaumizi watu sana. Kinachouma ni gharama ya kutoka: kuitoa terabaiti hiyohiyo kwenda kwenye intaneti ni takriban dola 90, karibu kodi ya miezi minne. Hadi mwaka 2024 hata aliyehama kabisa kwenda kwa mshindani aliadhibiwa mlangoni.

Malalamiko ya pili ni hatari ya kuweka vyote mahali pamoja. Tarehe 28 Februari 2017 mfanyakazi wa Amazon alikosea amri moja akazima seva nyingi kuliko alivyokusudia, na sehemu kubwa ya tovuti za Marekani ikalala kwa saa kadhaa. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg kiliteketea, na wateja wasio na nakala mahali pengine walipoteza kila kitu. Tarehe 26 Septemba 2025 moto katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon uliangamiza terabaiti 858 za hati za watumishi wa umma. Hazikuwa na nakala nje ya jengo hilo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba zilikuwa nyingi mno.

Matukio haya hutajwa sana na watetezi wa hifadhi iliyogatuliwa, na hapo inafaa kuwa mwangalifu. Kutawanya nakala ni jambo moja, kutawanya umiliki ni jingine. Msiba wa Daejeon ungeepukika kwa nakala ya pili katika mji mwingine, bila tokeni wala mnyororo. S3 yenyewe huzigawa data za mteja katika majengo yasiyopungua matatu yaliyo mbali kiasi, na Amazon imeisanifu kwa kiwango cha usalama ambacho kupotea kwa faili kwa hitilafu ya diski ni nadra mno.

Ambacho wakubwa hawawezi kukitibu ni kwamba mwenye mlango ni mmoja. Anaweza kuufunga kwa amri ya mahakama, kwa shinikizo la serikali, au kwa kubadili masharti. Gazeti la Apple Daily la Hong Kong lilipolazimika kufunga Juni 2021, wanaharakati walikimbilia kuhifadhi makala zake kwenye mtandao wa Arweave, kwa hoja kwamba hakuna mtu mmoja huko wa kuamriwa azifute. Hoja hii ina mashiko, na haijibiwi kwa kulinganisha bei.

Hata hivyo, kugatua umiliki hakukuanza na blokucheni. Mradi wa LOCKSS wa maktaba za Chuo Kikuu cha Stanford ulianza mwaka 1999 ukiwa na wazo sahili: maktaba nyingi zinatunza nakala za majarida yaleyale, kompyuta zao hulinganisha nakala hizo kila mara, na yenye hitilafu hurekebishwa kutoka kwa wenzake. Hakuna anayemlipa mwenzake, kwa kuwa kila maktaba ina sababu yake ya kuyataka majarida hayo. Mwasisi wake mmoja, David Rosenthal, amekuwa baadaye mkosoaji mkali wa hifadhi za tokeni. Anasema biashara ya diski humpendelea mkubwa anayenunua kwa jumla, na hakuna itifaki itakayoifuta hesabu hiyo. Tokeni basi inahitajika pale tu ambapo watunzaji hawajuani, hawaaminiani, na hawana haja yoyote na faili la mwenzao.

Filecoin, mshahara kabla ya kazi

Filecoin ndiyo jaribio kubwa kuliko yote, na ndipo uzuri na ubaya wa tokeni vinaonekana waziwazi. Protocol Labs ilikusanya takriban dola milioni 257 mwaka 2017 kwa kuuza haki ya kupata tokeni za mtandao uliokuwa haujaanza. Mtandao ulifunguliwa Oktoba 2020. Kikomo cha tokeni hizo, FIL, ni bilioni 2: asilimia 70 ziliwekwa kwa wenye diski, 15 kwa Protocol Labs, 10 kwa wawekezaji, na 5 kwa taasisi ya kuusimamia mradi.

Swali gumu la kiufundi lilikuwa hili: utajuaje kwamba mgeni aliyekuahidi nakala tatu hajaweka moja akalipwa mara tatu? Jibu la Filecoin ni kuzitia data lakiri. Kila sekta ya gibibaiti 32 au 64 hupitishwa kwenye ukokotoaji mrefu unaoipa nakala sura yake ya pekee, ili kuidanganya kuwe ghali kuliko kuitunza. Baada ya hapo kila sekta hudaiwa uthibitisho kila baada ya saa 24. Anayeshindwa kuutoa hutozwa, na akiendelea kushindwa hupoteza dhamana aliyoiweka kwa FIL.

Kazi ya lakiri inataka kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 128 au zaidi na kadi ya picha yenye nguvu. Dai la diski iliyokaa bure nyumbani linafia hapo, walau kwa Filecoin. Watoa hifadhi wake ni makampuni yenye makabati ya seva, na mwanzoni yaliyo makubwa zaidi yalikuwa China.

Kwa nini ulipe kwa tokeni mpya badala ya kusubiri wateja? Kwa sababu mteja hapeleki data mahali pasipo na diski, na mwenye diski hainunui kabla hajamwona mteja. Tokeni iliukata mzunguko huo kwa kumlipa mwenye diski kwa kuwepo tu. Kwa kipimo hicho ilifaulu kupita kiasi: mwaka 2022 uwezo wa mtandao ulizidi eksabaiti 15. Kasoro ni kwamba asilimia chache tu za nafasi hiyo ndizo zilizokuwa na mikataba ya wateja. Diski nyingi zilikuwa zimetiwa lakiri zikiwa tupu, zikithibitisha kila siku kwamba zinatunza kitu kisicho na maana kwa yeyote.

Dawa iliyowekwa dhidi ya hilo ni mpango wa Filecoin Plus. Sekta yenye data za mteja aliyehakikiwa inahesabiwa mara kumi katika kugawa tuzo. Nia ilikuwa njema, lakini matokeo yake yanafundisha zaidi ya andiko lolote la nadharia. Data za mteja ziligeuka kuwa ufunguo wa tuzo, kwa hiyo bei ya hifadhi ikashuka hadi karibu na sifuri, na baadhi ya watoa hifadhi wakawa tayari kumlipa mteja ili awaletee mafaili. Wengine walijitengenezea wateja na kujaza mafaili ya kubuni. Ikabidi wateuliwe watu wa kupitia maombi na kuamua data ipi ni ya kweli. Mfumo uliotungwa kuiondoa mamlaka ya kati ukajikuta na dawati la vibali na mabishano ya nani kapendelewa.

Kwa hiyo dai la "nafuu" ni la kweli hapa, ila tuseme kwa nini ni la kweli. Mteja anahifadhi karibu bure kwa sababu kuna mtu mwingine anayelipa: mnunuzi wa FIL sokoni, ambaye thamani ya alichonacho inapunguzwa kila tokeni mpya inapotolewa. Aprili 2021 FIL moja ilipita dola 230. Mwishoni mwa 2022 ilikuwa chini ya dola 4. Tofauti hiyo ndiyo iliyogharimia sehemu kubwa ya diski.

Dhamana nayo ina matatizo yake. Kwa kuwa huwekwa kwa FIL, bei ikipanda, gharama ya kuingia inapanda. Bei ikishuka, kipato kinashuka huku bili ya umeme ikibaki palepale. Siku chache baada ya uzinduzi, watoa hifadhi wakubwa wa China waliacha kuongeza uwezo: sekta mpya zilidai dhamana ambayo hawakuwa nayo, na tuzo zao zilikuwa zimefungwa kwa siku 180. Kanuni ikabadilishwa haraka ili asilimia 25 ya tuzo itoke papo hapo. Mgomo uliofaulu ndani ya wiki ya kwanza unaonyesha nguvu ilikuwa mikononi mwa nani, licha ya kila kilichoandikwa juu ya ugatuzi.

Haki isemwe pia upande wa pili. Tangu kilele cha 2022 uwezo wa Filecoin umepungua sana, na upungufu huo ni dalili ya afya kuliko ugonjwa, kwa sababu wengi wa waliotoka ni wenye diski tupu. Zimebaki kazi za kweli. Internet Archive imepeleka huko makusanyo ya nyaraka za umma. Maabara ya Starling, ya vyuo vikuu vya Stanford na Southern California, imehifadhi humo ushuhuda wa manusura wa mauaji ya Wayahudi. Hizo ni nyaraka ambazo swali lake kuu ni "je, zimebadilishwa?" na hazihitaji kufunguliwa kila dakika. Kufungua ndiko udhaifu mwingine ulikokuwa: kuitoa sekta kwenye lakiri huchukua saa kadhaa, na mtoa hifadhi asiyetunza nakala ya pembeni humchelewesha mteja. Mei 2025 ulianzishwa uthibitisho mwepesi usiohitaji lakiri, kwa ajili ya data zinazotumika mara kwa mara. Hayo ni makubaliano na hali halisi, nami nayahesabu kuwa hatua bora kuliko nyingi zilizotangulia.

Anayetaka kuona mantiki ya tuzo ikifika mwisho wake aitazame Chia, ya Bram Cohen, mbunifu wa BitTorrent. Ilipoanza mwaka 2021 ililipa watu kwa kujaza diski na namba tu, bila hata kudai kuwa ni hifadhi. Diski zikaadimika madukani, bei zikaruka.

Storj na Sia, tokeni nyuma ya pazia

Storj imeshika njia nyingine. Faili husimbwa kwenye kompyuta ya mteja, kisha hugawanywa vipande 80, kwa mpangilio uliotumika kwa miaka mingi, na vipande vyovyote 29 vinatosha kulirudisha. Vipande hivyo hutawanywa kwa wenye diski katika nchi nyingi. Hakuna lakiri wala kompyuta ya bei mbaya, kwa hiyo mtu wa kawaida anaweza kushiriki kweli. Mteja huona bei kwa dola: tangu 2021 na kwa miaka kadhaa ilikuwa dola 4 kwa terabaiti kwa mwezi, na dola 7 kwa kila terabaiti inayotoka. Linganisha na zile 23 na 90 za Amazon.

Tokeni ya STORJ ni chombo cha kumlipa mwenye diski tu, na kiasi anachodai huhesabiwa kwa dola. Bei ya tokeni ikianguka, anapata tokeni nyingi zaidi. Hatari ya soko haimwangukii mteja.

Kuna pazia la kufunua hata hapa. Kwa kipindi fulani Storj ilimtoza mteja dola 7 kwa terabaiti inayotoka huku ikimlipa mwenye diski dola 20 kwa terabaiti hiyohiyo. Pengo lilizibwa kutoka kwenye akiba ya tokeni ya kampuni. Mwaka 2023 malipo hayo yalikatwa, wenye diski wakalalamika sana, na walikuwa na sababu, ingawa hesabu ilikuwa upande wa kampuni. Angalau Storj iliufunga mwanya huo hadharani.

Gharama ya wepesi huu ni kwamba kampuni imerudi katikati. Seva zinazojua vipande viko wapi na nani alipwe nini zinaendeshwa na Storj yenyewe. Zikizimika, vipande vipo lakini hakuna wa kuvikusanya. Mteja anayekimbia bei za Amazon hatajali, ila anayeikimbia serikali hapati hapa alichokifuata.

Sia nayo ni kongwe. Mtandao wake ulianza mwaka 2015. Faili hugawanywa vipande 30, na 10 vinatosha. Mikataba iko kwenye mnyororo wake wenyewe bila kampuni katikati, na mwenye diski huweka dhamana. Kwa usafi wa kanuni inaishinda Storj. Kwa biashara haikuvuma. Skynet Labs, kampuni iliyojenga juu yake huduma ya kurushia mafaili na tovuti, ilifunga Agosti 2022 baada ya kukosa mtaji. Mtandao ukaendelea kuishi bila kampuni hiyo, na wapenzi wa ugatuzi wana haki ya kuujivunia uhai huo.

Arweave na ahadi ya miaka 200

Arweave, iliyozinduliwa Juni 2018, inauza kitu tofauti kabisa: lipa mara moja, faili lidumu. Muundo wake unafanana na wakfu, ule mtu anapoweka nyumba ya kupangisha ili kodi yake ihudumie msikiti vizazi na vizazi. Sehemu ndogo ya ada humwendea mchimbaji, yaani mwenye diski, mara moja. Kubwa huingia kwenye mfuko unaotolewa kidogokidogo pale tu tuzo za kawaida zisipotosha kulipia diski. Ada hupangwa iweze kugharimia miaka 200 kwa bei za leo, na hesabu inasema kwamba gharama ya hifadhi ikipungua kwa asilimia 0.5 tu kila mwaka, fungu haliishi.

Asilimia 0.5 ni dhana ya mtu mwangalifu. Takwimu za ununuzi za Backblaze, kampuni ya Marekani ya kuhifadhi data, zinaonyesha diski zikishuka kutoka senti 11 za dola kwa gigabaiti mwaka 2009 hadi senti 1.4 mwaka 2022, wastani wa karibu asilimia 15 kwa mwaka. Wasiwasi wangu hauko kwenye diski, uko kwenye nyumba iliyowekwa wakfu. Mfuko huo umewekwa kwa AR, tokeni ya mtandao wenyewe. AR ilikaribia dola 90 Novemba 2021, ikawa chini ya 10 mwishoni mwa 2022. Umeme na diski hulipiwa kwa fedha za kawaida, kwa hiyo mfuko unaweza kupoteza sehemu tisa za kumi za uwezo wake ndani ya mwaka mmoja hata kama diski zimezidi kuwa nafuu. Watetezi hujibu kwamba kadiri watu wanavyohifadhi ndivyo AR nyingi zinavyofungwa mfukoni na thamani kupanda. Inawezekana. Ila hiyo ni imani juu ya mahitaji ya vizazi vijavyo, na haipaswi kuuzwa kama hesabu iliyofungwa.

Hata hivyo, kwa swali la nani anayelipa, Arweave ni ya wazi kuliko Filecoin. Kikomo chake ni AR milioni 66, na 55 kati ya hizo zilikuwapo tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna mto wa tokeni mpya wa kuficha gharama. Mwenye faili ndiye anayelipa. Ndiyo sababu inaonekana ghali.

Haki ya kufutwa

Kutofutika ni fadhila kwa gazeti lililofungwa na balaa kwa cheti cha hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, zinampa mhusika haki ya kutaka taarifa zake zisahihishwe au zifutwe, na zote zinaweka masharti kwa taarifa zinazovuka mipaka. Shule au zahanati ya Dodoma au Kisumu inayorusha rekodi kwenye mtandao ambao vipande vyake viko nchi ishirini, bila mtu wa kuamriwa azifute, itapata taabu kujieleza.

Wahandisi hujibu kwamba faili lisimbwe, na likitakiwa kufutwa, ufunguo uharibiwe. Kwa Storj, ambako vipande hufutwa mteja anapolifuta faili, jibu hilo linatosha. Kwa Arweave halinitoshi: faili lililosimbwa linabaki wazi mbele ya dunia kwa karne mbili, likingojea mbinu za kuvunja msimbo ambazo bado hazijazaliwa.

Jiografia pia ina neno. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikadorora vibaya. Adhabu za uthibitisho wa kila siku haziulizi kama kosa ni la mwenye diski au la mkongo. Kwa hiyo tuzo huelekea kule umeme usikozimika na mikongo iliko mingi, na ramani ya mtandao "uliosambaa duniani" huanza kufanana na ramani ya vituo vya data vilivyokuwepo tangu awali.

Nani aende wapi

Taasisi yenye kumbukumbu za umma inazotaka kuzithibitisha kwa vizazi, iwe magazeti ya zamani, matokeo ya uchaguzi, au ushahidi wa uhalifu wa kivita, ina sababu nzuri ya kuweka nakala moja Arweave au Filecoin. Nasema nakala moja, pembeni ya nyingine zilizoko mahali pa kawaida. Faida hapo ni heshi isiyodanganya na mlango usio na bawabu mmoja. Vyuo vinavyoaminiana vingeweza kupata sehemu kubwa ya faida hiyo kwa njia ya LOCKSS, bila kununua sarafu yoyote.

Biashara inayotafuta nakala ya akiba kwa bei nafuu ipime Storj na makampuni ya kawaida yasiyotoza ada kubwa ya kutoka, na bei iandikwe kwa dola au shilingi, kamwe si kwa tokeni. Hifadhi ya karibu bure ya Filecoin iitumie ikijua kwamba ni ruzuku, na kwamba mikataba huisha. Tuzo zikipungua, mtoa hifadhi ana sababu ya kutoirefusha au ya kudai malipo halisi. Rekodi za wagonjwa, wanafunzi na wateja zibaki mahali ambapo kuna mtu wa kuwajibika kuzifuta.

Mnunuzi wa tokeni yuko kwenye biashara nyingine kabisa. Akitaka kujua anachonunua, alinganishe fedha walizolipa wateja kwa miezi mitatu na thamani ya tokeni mpya zilizotolewa kwa miezi hiyohiyo. Ya pili ikiizidi ya kwanza mara nyingi, yeye ndiye mteja mkuu wa mtandao huo, hata kama hana faili hata moja humo. Mamlaka nazo zinataka sehemu yao: Sheria ya Fedha ya Tanzania ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali, na Kenya, iliyokuwa na kodi kama hiyo tangu 2023, iliibadilisha mwaka 2025 ikaweka ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za miamala.

Kwa mwenye diski nyumbani, hesabu ni fupi. Storj imekuwa ikilipa dola 1.50 kwa terabaiti iliyojaa kwa mwezi. Terabaiti 10 zikijaa zote, jambo linalochukua miezi mingi, ni dola 15, na robo tatu ya malipo ya miezi mitatu ya mwanzo hushikiliwa kama dhamana. Kompyuta ndogo na diski zikila wati 30 zinatumia takriban uniti 22 za umeme kwa mwezi. Diski hizo, hata kwa bei ya jumla ya Backblaze, ni dola 140, yaani zaidi ya miezi tisa ya kipato kamili kabla ya kulipia umeme na intaneti. Kama diski na intaneti isiyo na kikomo vilikuwepo tayari kwa kazi nyingine, kuna senti za kuokota. Anayeambiwa akope anunue mashine amuulize muuzaji mteja wa kwanza ni nani, na analipa kwa fedha gani.